Kadi ziwe nzuri, na mikono ibaki salama

Kukata karatasi kwa mashine ni kazi safi inayowapa wengi riziki mjini Mombasa. Lakini vidole, macho na mapafu nayo yana haki yake, aeleza daktari wetu.

UKIPITA Marikiti wiki chache kabla ya Idi, au msimu wa harusi unapopamba moto, huwezi kukosa kuiona kazi hii. Ukishawapita wauza viungo na mahamali wa mikokoteni, ukaelekea upande wa Mtaa wa Biashara kwenye maduka ya leso, utakuta vyumba vidogo ambamo kadi za mwaliko, bahasha, visanduku vya halua na maua ya karatasi vinatengenezwa kwa mikono. Wengine hufanyia kazi hii nyumbani, katika ghorofa za Mji wa Kale, baada ya watoto kulala.

Ni kazi ya heshima. Haihitaji mtaji mkubwa kama duka, na humwezesha mama kupata karo bila kutoka nje ya mlango wake. Hata hivyo, kila msimu unapokwisha, sisi madaktari huwapokea baadhi ya mafundi hawa wakiwa na vidole vilivyokatika, mikono iliyokufa ganzi, macho mekundu na vifua vinavyobana. Karibu maradhi yote hayo yangaliweza kuzuiwa. Ndiyo maana juma hili tumeonelea tuyazungumze.

MASHINE ZENYEWE

Mashine zinazotumika ni za aina tatu, na kila moja ina hatari yake.

Ya kwanza ni ile ya mpini mrefu, au ile kubwa ya wapigachapa inayokata rundo zima la karatasi kwa mkupuo mmoja. Mafundi huiita gilotini. Jina hilo linatokana na Dkt Joseph-Ignace Guillotin, tabibu wa Ufaransa ambaye mwaka 1789 alipendekeza waliohukumiwa kifo wakatwe shingo kwa mashine ili wasiteseke. Hakuibuni wala hakuiunda yeye, lakini jina likamganda, kisha likahamia kwenye kisu cha karatasi. Chombo chenye jina la panga la kukatia shingo hakistahili kufanyiwa mzaha.

Ya pili ni ile ndogo inayoongozwa na kompyuta, kama vile Cricut na Silhouette. Fundi huchora ua au jina la bibi harusi, na kisu chembamba kama ncha ya sindano hulikata. Mashine hii ni nadra kumkata mtu ikiwa kazini. Balaa huja baadaye, wakati wa kubandua vipande kwa kibanio, kuvikunja na kuvigandisha mia kwa mia.

Ya tatu ni ile ya leza, inayokata kwa mwali wa joto kali badala ya kisu. Hatari yake kubwa ni moshi na moto.

KIDOLE KIKIKATIKA

Wengi hukatika katika hali moja: usiku, wakiwa wamechoka, na mwenye harusi anapiga simu kila nusu saa. Baadhi ya vijana hutafuna miraa au muguka ili wakeshe. Majani hayo huondoa usingizi, lakini hayaondoi uchovu. Mtu hujiona yu macho, kumbe mkono wake umeshachelewa kuliko kisu.

Ajali ikitokea, fanya hivi. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi kamili kwa saa, bila kufunua-funua kutazama. Inua mkono juu ya kiwango cha moyo. Vua pete mara moja, kwa sababu kidole kitavimba. Damu ikitulia, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha ufunge.

Usitie unga wa kahawa, manjano, tumbaku, majivu wala utando wa buibui. Najua wazee wetu walivitumia, na ni kweli kwamba baadhi yake huonekana kuzuia damu. Lakini vitu hivyo huingiza uchafu na viini ndani ya nyama, na daktari hulazimika kuanza kwa kuvikwangua kabla ya kushona.

Nenda hospitali bila kuchelewa ikiwa damu haikatiki, ikiwa kidole hakikunjiki au hakinyooki, au ikiwa ncha yake imekufa ganzi. Dalili hizo huonyesha kwamba kano au mshipa wa fahamu umekatwa, hata kama jeraha lenyewe ni dogo kama tundu la kishikizo. Kano lililoshonwa mapema hupona vizuri kuliko lile linaloletwa baada ya mwezi.

Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Aliyekamilisha chanjo zake huhitaji kuiongezea nguvu kila baada ya miaka kumi. Jeraha likiwa chafu au la kina kirefu, na miaka mitano imepita tangu sindano ya mwisho, atachomwa nyingine. Kina mama wengi walichanjwa wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawakumbuki hata walipochanjwa mwisho.

Na je, kipande cha kidole kikikatika kabisa? Hapa watu hukosea kwa nia njema. Kijana mmoja aliletwa kwangu kidole chake kikiwa kimezikwa ndani ya barafu ya wauza samaki. Wenzake walikimbia mbio kweli kweli, na walistahili kupongezwa. Lakini barafu iliyogusa nyama ilikuwa imekwisha kuiunguza, na daktari wa upasuaji hakuwa na la kufanya ila kufunga kigutu. Kijana huyo alikuwa mchoraji wa herufi za Kiarabu kwenye kadi, na kidole chenyewe kilikuwa cha shahada cha mkono wa kulia. Imembidi ajifunze upya kushika kalamu.

Njia sahihi ni hii: funga kipande kwa shashi au kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo, kitie ndani ya mfuko wa plastiki na uufunge usiingie maji. Kisha utie mfuko huo ndani ya chombo chenye maji na vipande vya barafu. Kipande kipoe, lakini kisigandishwe. Mgonjwa na kidole chake waende pamoja, mara moja.

MKONO UNAOKUFA USIKU

Ajali huonekana. Maradhi ninayotaka kuyaeleza sasa huingia kimya kimya.

Mwanamke mmoja wa makamo, fundi wa kadi kwa zaidi ya miaka kumi, alikuja kliniki na kuniambia: “Daktari, mkono huu wanifia usiku. Naamka naupunga-punga ndipo urudi.” Alihofia ni kiharusi. Jirani alimwambia ni kijicho, kwa kuwa kazi yake yasifiwa, na alikuwa amekwisha kuzinguliwa mara mbili. Kilichomtisha zaidi ni kwamba alianza kuangusha vikombe, na oda ya kadi mia tatu ilikuwa mezani ikimngoja. Karo ya bintiye ilitegemea oda hiyo.

Nilimuuliza: “Mama, kidole kidogo nacho chafa?” Akafikiri, akasema la, hicho ki salama. Jibu hilo peke yake lilitufikisha nusu ya safari.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, mna mfereji mwembamba uliozungukwa na mifupa na kufunikwa kwa utepe mgumu. Ndani yake hupita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mtu anapokunja, kubana na kubonyeza siku nzima, kano huvimba. Kwa kuwa mfereji hautanuki, kinachoumia ni ule mshipa. Mshipa huo huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole kidogo kina mshipa wake mwingine, ndiyo maana chenyewe husalimika.

Unaweza kujipima nyumbani. Kutanisha migongo ya mikono yako miwili mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, kisha ukae hivyo dakika moja. Vidole vile vitatu na nusu vikianza kuwasha na kufa ganzi, mwone daktari.

Si maradhi mapya. Mwaka 1700, tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Katika toleo lake lililoongezwa la mwaka 1713 aliwaeleza waandishi wa afisini ambao mikono yao ilichoka kwa kushika kalamu mfululizo. Alisisitiza kwamba daktari asiache kumuuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Nasi wagonjwa tusingoje kuulizwa. Ukienda kliniki, taja kazi yako hata kama waiona ni ya kujipitishia wakati tu.

Ganzi hii huwapata zaidi wajawazito, wenye upungufu wa homoni za tezi ya shingoni, na wenye kisukari. Ndiyo sababu fundi anayekufa ganzi mikono yote miwili, huku akinywa maji mengi na kwenda haja ndogo mara kwa mara, ni lazima apimwe sukari. Nimewahi kugundua kisukari kupitia mlango huo.

Ikiwahiwa, tiba ni nyepesi. Mgonjwa huvaa gango la kifundo usiku kwa wiki kadhaa ili mkono ulale umenyooka, na hupunguza kazi. Isipotosha, hudungwa sindano ya kupunguza uvimbe. Ikishindikana kabisa, ule utepe hukatwa kwa upasuaji mdogo ambao mgonjwa hahitaji kulazwa usingizi. Ikipuuzwa, nyama ya shina la kidole gumba hunywea, na nguvu ya kubana huenda isirudi tena. Mama yule alivaa gango, kazi ya kukunja akawagawia wanawe wakubwa, na oda ikatoka. Usiopoziba ufa, hujenga ukuta.

Kuna ndugu wa maradhi haya, maumivu ya upande wa kidole gumba, yaliyoelezwa na daktari Fritz de Quervain wa Uswisi mwaka 1895. Kunja ngumi ukikificha kidole gumba ndani, kisha uinamishe mkono kuelekea kidole kidogo. Ukiruka kwa maumivu, huenda ndiyo hayo. Hupenda kuwapata wanaotumia mkasi kutwa nzima, na pia kina mama wanaobeba watoto wachanga. Fundi mwenye mtoto mchanga anakabiliwa na mambo mawili kwa wakati mmoja.

MACHO NA MWANGA

Mtu akishafika miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu, na vitu vya karibu humtatiza. Atasogeza kadi mbali, kisha mbali zaidi, mpaka mkono uishe urefu. Haya si maradhi bali ni umri, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Lakini usinunue tu ile ya njiani na kusahau kupimwa. Mpimaji anaweza kugundua mtoto wa jicho, au presha ya macho ambayo huharibu uwezo wa kuona bila maumivu yoyote.

Kazi za karibu humfanya mtu asahau kupepesa, na macho hukauka. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Wakazi wa Mji wa Kale wana bahati. Dirisha moja tu latosha, hata kama linatazama baraza la jirani. Taa nayo iwe upande wa mkono usiotumia, ili kivuli kisiangukie kisu.

GUNDI, MOSHI NA PANGABOI LILILOZIMWA

Hewa ya Mombasa ina unyevunyevu, na karatasi hujikunja. Pangaboi likiwashwa, vipande vyote huruka. Basi fundi hulizima, hufunga madirisha, kisha hufungua kopo la gundi. Chumba hicho sasa kimekuwa chungu cha kufukizia.

Gundi nyeupe ya maji haina neno kubwa. Inayotisha ni ile yenye harufu kali ya petroli au ya rangi. Mvuke wake huleta kizunguzungu, kichwa kuuma na kichefuchefu. Ukivutwa kwa miezi na miaka, baadhi ya kemikali zake huharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Japan ililigundua jambo hili katika miaka ya 1960, pale watengenezaji wa ndara waliotumia gundi za aina hiyo vyumbani mwao walipoanza kudhoofika miguu. Mwenye pumu na mjamzito wakae mbali nazo kabisa. Na kwa kuwa mvuke huo hushika moto haraka, jiko la makaa, mshumaa na sigara visiwe chumba kimoja nao.

Mwenye mashine ya leza asikate kamwe plastiki aina ya PVC, ikiwemo reksini nyingi na karatasi nyingi za kubandika za plastiki. Ikiungua hutoa gesi ya asidi inayounguza koo na mapafu, na mashine yenyewe huoza kutu. Mfereji wa moshi utoke nje ya jengo, si ukumbini. Mashine isiachwe peke yake ikifanya kazi, na kifuniko kisifunguliwe, kwani mwali wake hupofusha.

Gundi ile inayoshika papo hapo ikivigandisha vidole, usivivute. Viroweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na uvitenganishe polepole kwa kuvibiringisha. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali. Usilazimishe kope zifunguke. Ukiungua kwa bunduki ya gundi ya moto, weka mahali hapo chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Dawa ya meno, mayai na barafu si dawa ya moto. Wala usinawe mikono kwa petroli au thina, kwani huondoa mafuta ya ngozi na kuipasua.

WATOTO NA BETRI ZA KADI

Siku hizi kuna kadi zinazoimba au kuwaka taa. Ndani yake mna betri bapa, ndogo kama kifungo cha shati. Betri hiyo mtoto akiimeza ikamkwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya muda wa saa mbili. Mtoto huenda asionyeshe dalili, au akatokwa na mate na kukataa kula tu, na wazazi wakadhani ni mafua.

Ukishuku kwamba mtoto amemeza, usimtapishe. Mpeleke upesi kwenye hospitali kubwa yenye eksirei, useme neno “betri” mlangoni. Ikiwa amezidi mwaka mmoja, ameimeza ndani ya saa 12 zilizopita na anaweza kumeza, unaweza kumpa vijiko viwili vidogo vya asali kila dakika kumi mkiwa njiani, visizidi mara sita. Asali hupunguza kuungua, lakini haichukui nafasi ya daktari, na safari isicheleweshwe kwa kuitafuta. Hesabu betri zako kabla na baada ya kazi kama unavyohesabu pesa.

HAKI YA ALIYEAJIRIWA

Wengi wanaofanya kazi katika maduka haya ni vibarua, nao hudhani kwamba kidole kikikatika ni bahati mbaya yao. Sivyo. Sheria mbili za Kenya za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini na nyingine ya fidia kwa wanaoumia kazini, zinamtaka mwajiri aweke kinga kwenye mashine na awakatie wafanyakazi bima. Ukiumia, mwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo. Yeye naye ana siku saba za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Hifadhi karatasi za hospitali, na mwombe daktari aandike waziwazi kwamba uliumia ukiwa kazini.

KAZI YENYE BARAKA

Msomaji asidhani kwamba ninaipiga vita kazi hii. Kukata, kukunja na kubandika ni mazoezi mazuri ya vidole, na wataalamu wa tiba ya kazi huyatumia kwa wagonjwa wanaopona kiharusi. Mjini Iringa, Tanzania, kituo cha Neema Crafts kilianza mwaka 2003 kwa kuwafundisha vijana viziwi kutengeneza karatasi kwa mikono, na wengi wenye ulemavu wamepata riziki hapo. Mikono inayofanya kazi huponya hata moyo.

Basi, kwa muhtasari, zingatia haya:

• Kisu cha gilotini kifungwe chini kila kinapopumzishwa, na mtu mmoja tu aikaribie mashine kwa wakati mmoja.

• Nyembe zilizotumika zitiwe katika kopo lenye kifuniko, si katika pipa la taka. Mzoataka naye ana vidole.

• Kila nusu saa, simama, nyoosha vidole na ukung’ute mikono. Badilisha kazi: kata, kisha kunja, kisha bandika.

• Meza ifikie usawa wa viwiko. Usifanye kazi ya saa nzima ukiwa umeinama juu ya mkeka.

• Gundi kali itumike penye dirisha wazi. Karatasi zikiruka, zilaze chini ya vijiwe.

• Usipokee oda ambayo haiwezekani bila kukesha.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwani ni nani anayekataa pesa? Lakini mteja akishachukua kadi zake huenda zake harusini, na baada ya siku tatu zitakuwa zimetupwa. Mkono uliozitengeneza utahitajika msimu ujao, na mwingine baada ya huo. Haraka haraka haina baraka, na kidole hakina duka la kukiuza.